Nyayo za Watoto Ziwe Zana ya Kufundishia

Katika shule zetu za msingi, somo la mguu aghalabu hufundishwa kwa picha. Mwalimu huchora ubaoni, huandika majina ya sehemu, na wanafunzi hunakili. Kwa maoni yangu njia hii haitoshi, hasa kwa mwalimu atakayefundisha Dodoma, ambako vumbi la uwanja wa shule huchorwa kila asubuhi nyayo za watoto. Yafaa somo lianzie kwenye nyayo hizo, nalo liishie katika kuilinda miguu iliyoziacha.

Nchi yetu ina ushahidi mkubwa juu ya jambo hili. Mwaka 1978, wataalamu walioongozwa na Mary Leakey walifukua huko Laetoli, Ngorongoro, nyayo za viumbe wa ukoo wa binadamu waliopita juu ya majivu ya volkano yapata miaka milioni 3.66 iliyopita. Kisigino kilididimia, na kidole gumba kilielekea mbele pamoja na vingine. Hakikujitenga pembeni kama cha sokwe, ambaye hukitumia kushikia matawi. Mguu wa wazee wetu wa kale sana, waliokwea miti, ulikuwa umeanza kuwa nguzo ya kusimamia.

Mabadiliko hayo yalikuja polepole. Mageuko hayaundi kiungo kipya; hurekebisha cha zamani, kama mhunzi ageuzaye jembe kuukuu kuwa kisu. Kuanzia chini ya kifundo hadi vidoleni, kila mguu una mifupa 26 iliyofungwa pamoja kwa kano. Sehemu zilizokuwa nyepesi ili kushikia sasa hubeba uzito wote wa mwili. Kwa sababu hiyo, wako wataalamu wanaohusisha na historia hii kuteguka kwa kifundo, maumivu ya kisigino, na kubonyea kwa tao, yaani ule mwinuko wa katikati ya unyayo.

Hata hivyo, mwalimu asiwaambie watoto kwamba mguu una kasoro tangu asili. Uchunguzi wa watoto 2,300 nchini India, uliochapishwa mwaka 1992, ulionyesha unyayo bapa kwa asilimia 8.6 ya waliovaa viatu, lakini kwa asilimia 2.8 tu ya waliotembea peku. Basi huenda baadhi ya matatizo hutokana na kile tulichouvika mguu. Kiatu chembamba mbele hubana vidole, na huweza kuzidisha kupinda kwa kidole gumba.

Wala tusisifu peku kupita kiasi. Mtoto achungaye ng'ombe hukanyaga miiba ya migunga, funza humwingia vidoleni, na jeraha chafu huweza kuleta pepopunda. Katambuga, iliyokatwa kutoka tairi kuukuu, hukinga unyayo na kuviacha vidole huru. Inastahili kuchunguzwa darasani, si kuchekwa.

Somo lenyewe si gumu kuliandaa. Wanafunzi walowanishe nyayo, wakanyage sakafu kavu ya saruji, kisha walinganishe alama na kueleza tao liko wapi. Halafu kila mmoja asimame juu ya karatasi, mwenzake amchoree mguu, wakate mchoro huo na kuuingiza katika kiatu. Karatasi ikikunjika, kiatu kinabana.

Mwalimu ahadhari na mambo mawili. Kwanza, watoto wadogo wengi wana unyayo bapa, na tao hujengeka kadiri wanavyokua; mtoto asiitwe kilema kwa sababu hiyo, ila mwenye maumivu apelekwe zahanati. Pili, asiye na viatu asiaibishwe. Katika somo hili hapungukiwi na chochote, kwa kuwa unyayo wake ndio zana, na kazi ya kiatu aifanye pamoja na mwenzake.

Mwanafunzi akiweza kutaja idadi ya mifupa huku akiendelea kuvumilia kiatu kinachomchubua, hatuwezi kusema kwamba amefundishwa. Nawasihi wanachuo mlijaribu somo hili katika mazoezi ya kufundisha, mkaone ni maswali gani watoto watakayouliza juu ya miguu yao wenyewe.