Mgonjwa wa Saratani Asituponyoke Njiani

Ndugu zangu wa Namswea, nanyi jirani zetu wa milima ya Umatengo mpaka mteremko ushukao Mbamba Bay na ufuko wa Ziwa Nyasa, kuna jambo moja katika habari ya maradhi ya saratani lililo mikononi mwetu wenyewe, wala halingoji bajeti kutoka Dodoma wala mjuzi kutoka ng'ambo, nalo ni hili: kwamba mgonjwa aliyekwisha kutambuliwa, akaandikiwa rufaa, akaanza dawa, asiachwe kuponyoka njiani kabla ya matibabu yake kutimia, na kwamba habari yake ya mwisho, iwe ya kupona au ya kufariki, ifike kwa wale waliomtibu. Jambo hili laonekana dogo. Nitajitahidi kueleza kwa nini nalihesabu kuwa kubwa kuliko mengi tunayoyalilia.

Historia yake imepita karibu na milango yetu. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, tabibu mpasuaji wa Kiirelandi aitwaye Denis Burkitt aliitwa na mwenziwe kumtazama mtoto wa kiume ambaye taya zake zilikuwa zimevimba pande zote nne, juu na chini, kuume na kushoto, hali ambayo hakupata kuisoma katika kitabu chochote. Haukupita muda mrefu, akiwa hospitali ya Jinja, alitupa macho dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uso wa namna ile ile, na tangu hapo hakupumzika. Mwaka 1961 yeye na wenziwe wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu lililonunuliwa kwa paundi 250, wakafunga safari ya yapata maili 10,000 na majuma kumi, wakatoka Uganda wakapita Tanganyika, Nyasaland na Msumbiji mpaka Afrika ya Kusini, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine, nyingi kati yake za misheni, wakiwaonyesha waganga picha za watoto wale na kuwauliza kama wamepata kuwaona wenye maradhi hayo.

Majibu yalipokusanywa yalidhihirisha kwamba uvimbe ule hukaa katika nchi za joto, mvua na mbu, na katika miinuko ya baridi haupo, na kadiri mtu aendavyo kusini ndivyo kimo cha mpaka huo kinavyoshuka. Msomaji wa huku kwetu hahitaji ramani kulifahamu neno hili: ufuko wa Mbamba Bay, usiofika hata mita 500 juu ya usawa wa bahari, una joto na malaria, na vilele vya Umatengo vina ukungu na baridi, nasi twatoka hali moja kuingia nyingine kwa safari ya siku moja tushukapo kununua usipa. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr, wakizitazama London kwa darubini ya elektroni seli zilizotoka katika uvimbe wa mtoto wa Uganda, waliona kirusi ambacho hadi leo chaitwa kwa majina ya wawili wao. Na baadaye ikafahamika kwamba kirusi hicho, kinachowapata karibu watu wote duniani bila kuwadhuru sana, huweza kuzua saratani hii katika mwili wa mtoto ambaye kinga yake imevurugwa na malaria ya mara kwa mara. Chandarua, basi, nacho kina sehemu yake katika habari hii. Na mzazi amwonaye mwanawe taya likivimba na meno yakilegea asiridhike na kung'olewa jino akarudi nyumbani kungoja, maana uvimbe huu ni katika saratani zikuazo upesi kupita zote zijulikanazo kwa binadamu, waweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, na kila juma linalopita ni sehemu ya uhai wa mtoto.

Burkitt alikuwa mtu wa kisu, na kisu hakikumfaa. Akageukia dawa, na watoto kadhaa waliopewa dozi chache tu walionekana uvimbe ukiyeyuka mbele ya macho ya wazazi wao, jambo ambalo katika miaka ile lilikuwa kama muujiza, kwa kuwa saratani chache mno zilikuwa zimepata kupona kwa dawa peke yake. Lakini wazazi wengi, wauonapo uso wa mtoto umerudi kuwa wa kawaida, walimchukua wakaenda zao, na hapakuwa na mtu awezaye kusema kwa yakini ni yupi aliyepona na ni yupi aliyezikwa. Swali hilo halikujibiwa maabara. Taasisi ya saratani ilipoanzishwa Kampala mwaka 1967 chini ya John Ziegler, Mmarekani, na kisha, Wamarekani walipoondoka zama za Idi Amin, chini ya Charles Olweny, Mganda mwenyewe, wahudumu walikuwa wakitoka kwenda vijijini kumtafuta mgonjwa mpaka kwao, wamwone kwa macho, wamwandike. Maarifa ambayo leo humponya mtoto wa Ulaya yana ndani yake nyayo za wahudumu wale katika njia za vumbi za Uganda.

Yafaa sasa tuzitazame dawa zenyewe, kwa sababu anayefahamu kazi ya dawa hachoki kumsaidia mgonjwa. Methotreksati imeundwa ikafanana na foleti, ile vitamini iliyomo katika mboga za majani, hata kimeng'enya cha seli hushikamana nayo mahali pa foleti, na seli ikakosa malighafi ya kujengea DNA yake. Vinkristini yatoka katika ua la asili ya Madagaska, lenye petali tano, jeupe au la rangi ya waridi, ambalo watu hulipanda mbele ya nyumba kwa uzuri wake pasipo kujua lilichobeba. Dawa hiyo huzuia kufanyika kwa zile nyuzi nyembamba ambazo seli huzitumia kugawa urithi wake iwapo inataka kuwa mbili. Sisplatini ni madini ya platini yaliyofungwa pamoja na klorini na amonia: mwaka 1965, huko Marekani, Barnett Rosenberg alipitisha umeme kwa vipande vya platini ndani ya chombo cha bakteria, akashangaa kuona bakteria wamerefuka bila kugawanyika, na kutoka mshangao huo ikapatikana dawa ambayo leo hupewa mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi pamoja na mionzi, huku akitiwa maji mengi mshipani ili figo zake zisidhurike.

Dawa hizi zote zina tabia moja, kwamba hupiga seli iliyo katika kugawanyika, na kwa hiyo hugusa pia nywele, ngozi ya kinywani na uboho uundao damu, ndiyo sababu mgonjwa hupewa dozi, akaachwa apumzike, akapewa nyingine. Wengi hudhani mapumziko hayo ni ucheleweshaji, au kwamba uvimbe ukisha kupungua kazi imekwisha. Sivyo. Seli za saratani hazigawanyiki zote kwa wakati mmoja. Nyingine zimelala siku dawa ipitapo, kama mbegu za magugu katika ngoro, mashamba yetu ya mashimo, ambazo hazioti zote kwa mvua ya kwanza, na mkulima asiyerudi kwa palizi ya pili hulikuta shamba limefunikwa. Zilizobaki, fauka ya hayo, aghalabu ndizo sugu. Na kama mgonjwa anatumia dawa za miti shamba, amwambie tabibu wake bila kuona haya, kwa maana baadhi yake huzidisha sumu ya dawa ya hospitali na baadhi huiondolea nguvu.

Hali ya mionzi ni kadhalika. Mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi aliyetoka huku kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, ambayo ilipewa hadhi ya taasisi kwa sheria ya mwaka 1996 katika majengo yaliyoanza zama za Wajerumani, amesafiri yapata kilomita 1,000 kupita Songea, Njombe, Iringa na Morogoro. Na akifika, mionzi ya nje humchukua yapata majuma matano, siku tano kwa juma, ikafuatwa na mionzi ya ndani. Uchunguzi wa miaka mingi katika nchi mbalimbali umethibitisha kwamba kazi hiyo yote yapasa kwisha ndani ya majuma manane, na kila ikirefuka kupita hapo kwa kukatizwa, nafasi ya kuushinda uvimbe hupungua.

Namjua mama mmoja wa milimani aliyerudi kabla ya wakati. Kadi yake ya matibabu, aliyoitoa katika fundo la kanga, ilikuwa na mihuri mistari ya juu, na chini miraba mitupu. Sikumwuliza neno, yeye mwenyewe akaniambia kwamba aliletewa habari kuwa kahawa imeiva na inaanguka, hakuna wa kuichuma, na ada ya mtoto ilitegemea kahawa ile. Basi mtu asiseme mbele yangu kwamba wagonjwa wetu hukatiza dawa kwa ujinga. Mama yule alijua hesabu yake sawasawa. Hesabu iliyokosekana ilikuwa yetu, sisi majirani zake tuliopita kando ya shamba lile kila asubuhi tukiona tunda jekundu likidondoka.

Hapa ndipo ninapowaomba kwa dhati ya moyo. Wamatengo tulirithi sengu, ambapo ukoo hukaa chakula kimoja, ukashauriana na kutazamana kama kuna mwenye shida, na tulirithi desturi ya kwenda kwa wingi kulima shamba la mwenzetu. Desturi hizi hazijafa, ila tumezoea kuzitumia kwa harusi, matanga na kilimo cha msimu. Nataka zitumike kwa mgonjwa wa saratani tangu siku aandikiwapo rufaa: shamba lake lipaliliwe, kahawa yake ichumwe na kufikishwa chama cha msingi kwa jina lake, watoto wake wapate nyumba ya kulala na mtu wa kuwapeleka shule, naye apewe msindikizaji mmoja anayejua kusoma kadi na kuuliza daktari. Nauli nayo ipatikane mapema. Fedha ya kahawa ikiingia, kila kaya na itenge kiasi kidogo katika mfuko wa kijiji wenye daftari lililo wazi kwa kila mtu kulikagua, maana mchango unaotafutwa mgonjwa akiwa amekwisha kulala kitandani hufika umechelewa. Kwa mtoto aliyepata saratani, wazazi na wajue kwamba Muhimbili, kwa msaada wa shirika la Tumaini la Maisha, hutibu watoto bila malipo. Kilichobaki ni kufika na kukaa hadi mwisho.

Tena wako wale ambao safari ya kilomita elfu si lazima iwapate kamwe. Saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa kuua wanawake wa nchi yetu miongoni mwa saratani zote, hutanguliwa na mabadiliko ya miaka mingi yasiyo na maumivu, na muuguzi huweza kuyaona kwa pamba iliyolowekwa siki nyepesi: hupaka, hungoja dakika moja, na mahali penye kasoro hugeuka peupe. Palipo peupe huweza kugandishwa au kuchomwa siku hiyo hiyo, na mama akarudi nyumbani kwa miguu yake. Wanaume wenzangu, mke akisema anakwenda kupimwa asiulizwe ameona nini. Aulizwe kama ana nauli.

Kuhusu chanjo ya kuzuia saratani hiyo, wazazi waliosita kwa kuhofia kwamba binti zetu wanajaribiwa nawaomba wasikie habari ya Mwanza. Mwaka 2017 watafiti wa huko, pamoja na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na wenzao wa Uingereza, walianza uchunguzi kwa wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, kwa idhini ya wazazi wao, ili kujua kama dozi moja huamsha kinga ya kutosha. Karibu wote walirudi kupimwa damu mwaka hata mwaka. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2022, yakiungwa mkono na yale ya Kenya juu ya wanawake vijana, yalikuwa katika hoja zilizolifanya Shirika la Afya Duniani likubali dozi moja; na Tanzania, iliyoanza kuchanja nchi nzima mwaka 2018 kwa dozi mbili, ikageukia dozi moja mwaka 2024 kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mabinti wa Mwanza wamewapunguzia sindano mabinti wa nchi nyingi, na waliweza kufanya hivyo kwa sababu walirudi.

Kwa ajili hiyo nasema kwamba kurudi, na kutoa habari, ni sehemu ya utafiti, hata kwa sisi tusiopata kuona maabara. Mgonjwa akifariki kijijini, ukoo ukazika ukanyamaza, faili lake mjini hubaki na swali, na tabibu hawezi kujua kama dawa ile ilimfaa au ilimdhuru. Na asiyehesabiwa hapangiwi dawa wala mashine. Mhudumu wa afya wa kijiji apeleke taarifa zahanati, zahanati ipeleke hospitali ya Mbinga, Litembo, Peramiho au Songea, kokote rufaa ilikotoka, nayo ifike Dar es Salaam. Akija mtafiti mwenye kibali, akaeleza kwa lugha tunayoielewa atafanya nini na damu au kinyama atakachochukua, tumwulize yote tutakayo, na tukiridhika tumkubalie. Asipoeleza, tuna haki ya kukataa.

Mkutano mkuu wa kijiji huitishwa kila miezi mitatu. Naomba katika mkutano ujao wa kila kijiji cha Namswea, kabla ya habari za barabara na za mipaka ya mashamba, watu wachaguliwe watatu, mmoja wao mwanamke aliyepata kuugua au kuuguza saratani, wapewe daftari, na ukurasa wa kwanza yaandikwe kwa ridhaa yao majina ya wagonjwa walio safarini sasa, tarehe ya kila mmoja ya kurudi kliniki, na jina la atakayekwenda kuchuma kahawa yake.