Doha: kompyuta za wingu zimewashwa kwa kalenda ya nani?

DOHA – Wakati wa Kombe la Dunia 2022, serikali ya Qatar ilibakiza ofisini asilimia 20 tu ya wafanyakazi wake. Asilimia 80 walifanyia kazi nyumbani, kuanzia Novemba 1 hadi Desemba 19. Foleni barabarani zilipungua, lakini mzigo ulihamia mtandaoni.

Siku hizi kampuni nyingi hutumia kompyuta pepe. Laptopu yako nyumbani inaonyesha skrini tu. Mashine inayofanya kazi iko kwenye kituo cha data. Microsoft ilifungua vituo vyake Qatar 2022, Google ikafuata 2023.

Mashine hizo hulipiwa kwa muda zinaowaka. Kuziacha usiku kucha bila mtu ni kama kuacha kiyoyozi kinanguruma Doha huku familia nzima iko likizo Mombasa. Ndiyo maana mfumo huwekewa ratiba: asubuhi uwashe mashine, watu wakizidi uongeze, jioni upunguze, usiku zibaki chache.

Hapo ndipo penye kasheshe. Ratiba ya Jumatatu hadi Ijumaa haifai Qatar, ambako wiki ya kazi huanza Jumapili. Jumapili asubuhi watu wanaingia kwa pamoja, mashine bado zimelala, kila mtu anasubiri. Ramadhani nayo ofisi za serikali hufanya kazi saa 3 asubuhi hadi saa 8 mchana, na mwezi huo husogea kama siku 11 kila mwaka. Ratiba ya mwaka jana haitoshi mwaka huu.

Jioni ni mbaya zaidi. Mfumo ukiruhusiwa kuwatoa watu kwa nguvu, onyo hutolewa kwa muda uliowekwa tu. Mama aliyeacha kazi wazi akaenda kumchukua mtoto shule, akirudi anakuta kila kitu kimefungwa na ripoti ambayo hakuihifadhi imepotea. Akiba ni ya kampuni, hasara ni yake.

Teknolojia haina kosa, inafuata ilichoambiwa. Basi wewe unayefanyia kazi nyumbani, waulize watu wa IT: mashine zinazimwa saa ngapi, na je, mtu hutolewa kwa nguvu? Na kabla hujanyanyuka kitini, hifadhi kazi yako.