Bute hatuna mto, lakini bei ya maji machafu tunaijua

Simama kando ya silanga hapa Bute asubuhi moja mwishoni mwa kiangazi. Punda wanafungwa mitungi ya njano ya lita 20. Ng'ombe wameingia majini mpaka magotini. Ngamia wanasubiri zamu, na hatua chache kutoka hapo msichana anachota maji ya kupikia chai. Maji yenyewe yashakuwa na rangi ya chai kabla hata ya majani kutiwa. Hakuna anayelipa shilingi hapo, kwa hivyo ukiambiwa maji ya silanga ni ya bure unaweza kuamini. Si ya bure. Bili inakuja baadaye, na inakuja nyumbani.

Nimekuwa nikiifikiria hiyo bili tangu Machi 2025, Rais William Ruto alipozindua mpango wa kusafisha na kufufua Mto Nairobi, mradi uliotajwa kuwa wa Sh50 bilioni. Wasee mtandaoni walibishana kuhusu zabuni na nani atafaidika. Mimi nilibaki na swali lingine: mtu anajuaje kwamba mto safi una thamani ya pesa zote hizo? Na kama mto wa Nairobi unaweza kupigiwa hesabu, mbona silanga letu halipigiwi?

Sisemi Mto Nairobi haustahili. Uchafu wake unaingia Mto Athi, unashuka hadi Sabaki na kumwagika Bahari Hindi karibu na Malindi. Watu wengi sana wananywa, wanalima na kuvua kwenye njia hiyo. Lakini Kaunti ya Wajir haina mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima. Ewaso Ng'iro ukifika pande zetu unaishia kwenye kinamasi cha Lorian. Kwetu, mto ni silanga na ziwa ni silanga. Kwa hivyo tunapozungumzia thamani ya mito na maziwa safi, hilo ndilo la kupigiwa hesabu.

Wanauchumi wana njia kama tatu za kufanya hesabu hiyo. Ya kwanza ni kuuliza watu kwa mdomo: uko tayari kulipa pesa ngapi ili maji haya yawe safi? Ya pili ni kufuata miguu yao: wanatembea umbali gani, wanatumia saa ngapi, kuyafikia maji bora? Ya tatu ni kuhesabu hasara ya uchafu: dawa, siku za kazi zilizopotea, mifugo iliyokufa.

Usidhani ni mambo ya Ulaya tu. Utafiti mmoja maarufu duniani kuhusu thamani ya muda wa kuchota maji ulifanywa Ukunda, kule Kwale, na kuchapishwa mwaka 1990. Dale Whittington na wenzake waliangalia jinsi watu walivyochagua kati ya kisima cha bure, kioski na muuzaji anayeleta maji mlangoni. Waligundua kwamba muda wa anayechota maji una thamani inayokaribia ujira wa kibarua wa kawaida. Yaani ile kauli kwamba "mama ana muda, acha aende" ni uongo. Muda wake ni pesa, ila hakuna anayemlipa.

Hebu tujaribu hesabu hiyo hapa nyumbani. Hizi namba ni za mfano, weka zako ukitaka. Tuseme familia imeliacha silanga la karibu kwa sababu ni chafu, inakwenda kisima kirefu cha mbali, na safari hiyo inakula saa tatu zaidi kila siku. Tuseme kibarua hapa kinalipa Sh500 kwa siku ya saa nane. Saa tatu ni kama Sh187. Kiangazi kikichukua siku 180, familia moja imepoteza Sh33,750. Hiyo ni karo ya mtoto. Ni mbuzi kadhaa. Zidisha kwa idadi ya familia zinazotegemea silanga moja, ndipo utaelewa kwa nini nasema bili inakuja.

Na yule anayebaki kuchota pale pale karibu? Naye analipa, kwa kuhara. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza nchini Oktoba 2022 uliwapata zaidi ya watu 12,000 na kuua zaidi ya 200, na Wajir, Garissa na Mandera tulikuwemo. Mjini Wajir tatizo lina sura yake: maji ya ardhini yako juu sana, kwa hivyo kuchimba choo cha shimo ni kazi ngumu, watu wametumia vyoo vya ndoo miaka nenda miaka rudi, na visima vifupi viko hapo hapo kando ya nyumba. Kinyesi na maji ya kunywa ni majirani.

Sasa tuje kwenye mtego. Busia, mwanauchumi Michael Kremer, aliyeshinda Tuzo ya Nobel mwaka 2019, alishirikiana na wenzake kufuatilia karibu chemchemi 200. Baadhi zilijengewa zege na bomba ili maji yasichanganyike na uchafu wa juu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Uchafu wa kinyesi kwenye maji ulipungua kwa asilimia 66. Kuhara kwa watoto kulipungua kwa takriban robo. Kazi nzuri, si ndiyo?

Lakini walipofuata miguu kuona familia zinayathamini kiasi gani maji hayo safi, jibu lilikuwa takriban dola 3 kwa familia kwa mwaka. Kwa bei ya dola ya leo, haifiki Sh400. Walipoulizwa kwa mdomo, watu walitaja kiasi kikubwa zaidi ya hicho.

Ofisa mwenye haraka akisoma namba hiyo atasema: hawa watu hawajali maji safi, tupeleke pesa kwingine. Hapo ndipo hesabu inageuka kuwa hukumu. Vijidudu havionekani kwa macho, kwa hivyo miguu haijui ni wapi pa kukimbilia. Na mtu ambaye mfukoni hana kitu hawezi kuonyesha mapenzi yake kwa pesa. Mtoto aliyeponea kuhara pale Busia hakupona kwa nusu eti kwa sababu mamake angeweza kulipa Sh400 peke yake.

Linganisha na Marekani. Meli ya Exxon Valdez ilipomwaga mafuta baharini Alaska mwaka 1989, watafiti waliuliza familia za Wamarekani, wengi wao hawajawahi hata kufika Alaska, wangelipa pesa ngapi ili ajali kama ile isitokee tena. Wakajumlisha, wakapata dola bilioni 2.8. Maji ya matajiri hupimwa kwa mfuko wa matajiri, na maji ya maskini kwa mfuko wa maskini. Ukipanga miradi kwa namba hizo peke yake, Bute itakuwa mkiani mwa foleni kila mwaka, na karatasi zitaonyesha kwamba hakuna aliyekosea.

Ndiyo maana naona kwetu njia ya tatu ndiyo ya haki zaidi: hesabu hasara. Hatuhitaji kumuuliza mtu angelipa nini. Tunahitaji kujua saa ngapi zimepotea, wagonjwa wangapi wa kuhara wamefika zahanati, malori mangapi ya maji yamekodiwa na serikali, mifugo mingapi imekufa. Kwenye ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo na zaidi ya mifugo milioni 2.5 ikafa katika kaunti kame za Kenya. Sehemu kubwa ya hasara hiyo ni ya malisho, sawa. Lakini silanga lililojaa tope huwa limekauka kitambo, na mnyama aliyedhoofika haponi kwa kunywa matope.

Dawa yenyewe si roketi. Zungushia silanga ua. Vuta bomba mpaka kwenye birika la mifugo nje ya ua, ili ng'ombe asioge kwenye chai yako. Ondoa tope kabla ya mvua. Weka klorini mahali watu wanapojaza mitungi. Weka kamati yenye akaunti na mtu wa kuulizwa. Pesa zake huwezi hata kuziona ukiziweka kando ya Sh50 bilioni.

Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila Mkenya haki ya maji safi, salama na ya kutosha. Hakisemi "kama anaweza kulipa". Lakini haki isiyokuwa na namba kwenye bajeti hubaki kuwa hotuba.

Kwa hivyo, wewe uliye Bute, Wajir mjini, Garissa au hata Eastleigh, jua tarehe hizi. Kila kaunti inapaswa kuwasilisha mpango wake wa maendeleo wa mwaka kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kabla ya hapo huwa kuna vikao vya ushiriki wa umma, ambavyo sisi vijana tunawaachia wazee kisha tunakuja kulalamika kwenye simu. Ingia. Usiombe silanga jipya. Uliza: lile la zamani lililochafuka linatugharimu pesa ngapi kwa mwaka, na mbona hiyo namba haimo kwenye karatasi? Na kama hawana jibu, nenda na daftari lako. Wiki moja kando ya silanga, ukihesabu punda na saa, inatosha kuanza.