Kagera: Kupima Taarifa ni Sehemu ya Kinga ya Afya kwa Vijana

Machi 16, 2023 Wizara ya Afya iliutaarifu umma kuwa kulikuwa na ugonjwa usiofahamika wilayani Bukoba, mkoani Kagera. Siku tano baadaye, Waziri wa Afya wa wakati huo, Mhe. Ummy Mwalimu, alitangaza kuwa vipimo vya maabara vimethibitisha ugonjwa huo ni Marburg. Mlipuko ulipotangazwa kumalizika Juni 2, 2023, watu sita kati ya tisa waliougua walikuwa wamefariki dunia.

Maabara huhitaji muda ili kutoa jibu la uhakika, lakini uvumi hauhitaji. Ndiyo maana kipindi cha kusubiri majibu ni cha hatari, na ndicho ambacho vijana wanapaswa kuandaliwa kukikabili.

Kagera inaifahamu vyema gharama ya pengo hilo. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipogundulika mkoani humo mwaka 1983, wananchi wengi waliuita ugonjwa huo "Juliana", jina la nguo zilizopendwa wakati huo, na baadhi yao waliuhusisha na uchawi. Kufikia mwaka 1986, mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imeripoti wagonjwa.

Leo uvumi husafiri kwa simu ya mkononi. Katika kaya nyingi za vijijini, kuanzia Maruku wilayani Bukoba hadi Ngenge wilayani Muleba, kijana ndiye anayewasomea wazee ujumbe ulioingia. Akiusoma bila kuupima, familia nzima huweza kuufuata. Marburg huambukizwa kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au wa aliyefariki. Hivyo, ujumbe unaoshauri mgonjwa afichwe nyumbani humhatarisha kwanza yule anayemuuguza.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza taarifa za uongo, lakini mkono wa sheria hufika wakati ujumbe umekwishasomwa. Elimu hutangulia. Mitaala iliyoboreshwa, iliyoanza kutekelezwa Januari 2024, inasisitiza ujuzi. Kupima taarifa ya afya ni ujuzi unaoweza kufundishwa darasani na katika klabu za wanafunzi. Mwanafunzi azoeshwe kuuliza: nani ametoa taarifa hii, ameitoa lini, na kituo cha afya kinasemaje? Ajue pia kuwa kauli ya "bado tunachunguza" haimaanishi kuwa kuna jambo linafichwa, na kwamba namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bila malipo.

Januari 20, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alithibitisha Marburg kwa mara nyingine, safari hii wilayani Biharamulo, na mlipuko huo ukatangazwa kumalizika Machi 13. Ndani ya miaka miwili, mkoa mmoja umepata milipuko miwili. Somo hili halipaswi kusubiri mlipuko wa tatu.