Magurudumu Yakikataa, Asilaumiwe Fundi Peke Yake



Ndege ndogo ya mtu binafsi ikitua kwa tumbo, habari huenea upesi. Propela imepindika, bati limechubuka, abiria wametoka salama, Mungu ashukuriwe. Lakini kabla ndege haijaondolewa kiwanjani, karakanani swali ni moja tu: "Nani alitia sahihi?" Hapo ndipo sisi hatukubali.

Sisi tufanyao kazi hii twajua kwamba magurudumu hukataa kwa sababu nyingi. Katika Cessna 210, miguu hukunjwa na kushushwa kwa nguvu ya mafuta yasukumwayo na pampu. Mpira wa kuzuia mafuta ukichakaa, mafuta huvuja na nguvu huisha. Waya ukikatika, taa ya kijani haiwaki hata kama mguu umeshuka na kujifunga. Katika zile za zamani, chuma kishikacho mguu huweza kuingia ufa mwembamba usioonekana kwa macho, mpaka upakwe dawa ya rangi. Tena wako marubani waliosahau kabisa kushusha magurudumu. Hatusemi haya ili kumtwika rubani mzigo, maana mara nyingi yeye naye ni mwajiriwa kama sisi.

Kazi hii haitaki haraka. Ndege yapasa kupandishwa juu ya jeki, magurudumu yakunjwe na kushushwa mara kadhaa, na pampu ya mkono ya dharura nayo ijaribiwe. Sasa tajiri akisimama mlangoni akitazama saa, akisema wageni wake wanangoja kwenda mbugani, fundi afanye nini? Akikataa kutia sahihi, aitwa mkaidi. Akitia, na mambo yakaharibika, aitwa mzembe.

Wako wasemao, "Sahihi ni yake, na aibebe." Ni kweli, nasi hatuikimbii sahihi yetu. Fundi aandikaye uongo kitabuni asitazamie chama kimfiche. Lakini sahihi iliyopatikana kwa kutisha watu kufukuzwa haimlindi abiria hata kidogo.

Kiambatisho cha 13 cha Mapatano ya Chicago ya 1944 chasema wazi kuwa uchunguzi wa ajali ni wa kuzuia ajali nyingine, si wa kutafuta mwenye kosa. Ikiwa mataifa yamekubali hivyo, kwa nini karakana ihukumu kabla wachunguzi hawajafika?

Twataka mambo matatu. Kwanza, fundi asiadhibiwe kwa kukataa kutia sahihi kazi isiyokwisha. Pili, asisimamishwe kazi kabla ya uchunguzi. Tatu, akiitwa kuhojiwa, mjumbe wa chama awe kando yake. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 chatupa haki ya kutendewa haki kazini na ya kuwa na chama, basi tuitumie.

Nanyi ndugu, andikeni kila kasoro kitabuni siku ile ile mwionapo, hata kama tajiri amekunja uso. Maneno ya mdomoni hupotea, yaliyoandikwa hukutetea. Kidole kimoja hakivunji chawa.