Ruzuku ni amana: funzo kutoka mpakani Tunduma

Januari 20, 2025 Rais Donald Trump alisimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90, na ilipofika Julai 1 shirika la USAID likafungwa. Kwa mkoa wa Songwe hili si jambo la mbali. Tunduma ni mji wa mpakani na Zambia, wenye foleni za malori na wasafiri, na huduma za UKIMWI mkoani humo zimeegemea kwa miaka mingi fedha za Marekani kupitia mpango wa PEPFAR.

Mfadhili mkubwa akiondoka, wengi hukimbilia wachache waliobaki. Hapo ndipo jumuiya zetu nyingi huanguka, kwa sababu huandika barua ya kuomba kwanza, kisha ndiyo hutafuta karatasi. Mfadhili yeye huanza na karatasi: cheti cha usajili, katiba, akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja, na hesabu zilizokaguliwa.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanaotaka kusaidia yatima au madrasa huko bara wazingatie hili. Tanzania Bara inafuata Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, iliyorekebishwa 2019, na Zanzibar ina sheria na mrajis wake. Cheti cha Unguja pekee hakitoshi kuendesha shirika Tunduma.

Andiko lenyewe liwe la kweli. Tusiandike "yatima wengi", tuwahesabu. Bajeti itokane na bei za dukani, si makisio ya barazani.

Kisheria, asili ya kupokea msaada wa asiyekuwa Muislamu ni kujuzu, maadamu hauna sharti linalopingana na dini. Ila tukishakubali masharti, tumefungwa nayo. Fedha ya visima haijengi ukuta wa msikiti, hata kwa nia njema, mpaka mtoaji aridhie. Wala zaka isichanganywe na ruzuku, kwani Qur'ani imeitaja mafungu manane ya wanaostahiki.

Na tusisahau wakfu. Duka moja la wakfu lenye kodi ya kila mwezi ni dogo kuliko ruzuku, lakini halifungwi kwa amri ya rais wa nchi nyingine.

Wallahu a'lam.