Msiseme Hawapatikani: Waraka kwa Wakurugenzi wa Ajira

Kwa Wakurugenzi wa Ajira,
Kampuni kubwa za teknolojia,
Marekani.

YAH: AJIRA ZA WATAALAMU WEUSI

Waheshimiwa,

Nawaandikia kwa Kiswahili kwa makusudi. Nataka waraka huu usomwe pia na wazazi waliotoka Mombasa, Bukavu na Kigoma, ambao leo wako Minneapolis, Dallas na hapa Seattle, wakifanya zamu mbili ili mtoto asomee kompyuta. Wao ndio wanaobaki na kijana mwenye shahada nyumbani, akituma maombi yasiyojibiwa.

Mwaka 2014 Google ilipotangaza takwimu za wafanyakazi wake wa Marekani, Weusi walikuwa asilimia 2. Katika kazi zenyewe za ufundi walikuwa asilimia 1, ilhali ni takriban asilimia 13 ya wananchi wote. Facebook ilitoa takwimu zake mwaka huohuo, nazo zikafanana. Tangu hapo tumekuwa tukiambiwa kwamba wataalamu Weusi hawapatikani.

Mmewatafuta wapi? Chuo Kikuu cha North Carolina A&T kilichoko Greensboro, kilichoanzishwa mwaka 1891 kwa ajili ya Weusi, kinatoa wahandisi Weusi wengi kuliko chuo kingine chochote nchini Marekani. Mark Dean, Mweusi, alikuwa miongoni mwa wahandisi walioitengeneza kompyuta binafsi ya IBM iliyotoka mwaka 1981, na kati ya hataza tisa za mwanzo za mashine hiyo, tatu zina jina lake. Watu wapo, na walikuwapo zamani.

Kinachowaangusha ni mchujo. Mwaka 2004 wachumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha matokeo ya jaribio lao: walituma wasifu wa kubuni karibu 5,000 kujibu matangazo ya kazi ya Boston na Chicago. Sifa zililingana, majina yakatofautiana. Wenye majina ya Kizungu kama Emily na Greg waliitwa kwa asilimia 50 zaidi ya wenye majina ya Weusi kama Lakisha na Jamal. Kazi hizo zilikuwa za mauzo na za ofisini, si za programu, lakini sioni kwa nini jicho linalosoma wasifu wa mhandisi liwe tofauti. Vijana wetu wameshaelewa. Baraka anaficha jina lake na kujiandika Brian, na linaniuma.

Halafu kuna njia ya kupendekezwa, ambayo naiona mbaya kuliko zote kwa sababu hakuna anayeiona kuwa ni ubaguzi. Mfanyakazi anampendekeza rafiki yake. Rafiki akiajiriwa, aliyempendekeza anapewa bonasi. Rafiki huyo ni nani? Ni yule aliyesoma naye, anayekaa naye mtaa mmoja, aliyefanya naye kazi kampuni iliyopita. Anafika kwenye usaili akiwa tayari ana mtu wa kumsemea. Binti wa mhudumu wa wagonjwa kutoka Kongo hana rafiki ndani ya jengo lenu, na wahenga walishasema asiyekuwapo na lake halipo. Hivyo idadi ya leo inazaa idadi ya kesho, bila mtu yeyote kutamka neno baya.

Hasara yenu pia ipo. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu tatu za kibiashara zinazotambua jinsia ya mtu kwa sura. Kwa wanaume weupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8, kwa wanawake weusi yalifika asilimia 34.7. Bidhaa ya namna hiyo inaingia sokoni pale ambapo mezani hapakuwa na mtu wa kuijaribu kwa uso wake.

Januari 2025 Meta, kampuni mama ya Facebook, ilitangaza kufuta mipango yake ya kuongeza wafanyakazi wa asili mbalimbali, na Februari Google ikaacha malengo yake ya ajira. Mnaweza kufuta mipango. Haki ya mwombaji kupimwa sawa na mwenzake haifutiki.

Kwa hiyo tunaomba hivi. Maswali ya usaili yaandikwe kabla, na kila mwombaji aulizwe yaleyale. Bonasi ya kumleta rafiki iondolewe. Nendeni Greensboro kama mnavyokwenda Stanford. Na kila mwaka mtangaze ni Weusi wangapi walioomba, walioitwa kwenye usaili, walioajiriwa na walioacha kazi. Tunaomba majibu yenu kwa maandishi, nayo yawekwe hadharani.

Wenu,
Mhandisi wa programu na mzazi,
Seattle.